Sura ya Nane: Kupiga Jazi kwa Udi

Mwaka 1958, jijini New York, mpiga besi aitwaye Ahmed Abdul-Malik aliwaita studio watu wa pande mbili. Upande mmoja walikuwa wanajazi: Johnny Griffin na saksafoni yake, Al Harewood kwenye drams. Upande wa pili walikaa walioshika ala za muziki wa Kiarabu: Naim Karacand kwenye fidla, Jack Ghanaim kwenye kanuni, Mike Hamway kwenye dumbaki, Bilal Abdurrahman kwenye dufu. Kazi waliyoirekodi inaitwa Jazz Sahara, na ndani yake Abdul-Malik hakupiga besi peke yake. Alipiga pia udi.

Mzee wa Malindi, Unguja, akisomewa orodha ya ala hizo hatashangaa hata kidogo. Fidla, kanuni, udi, dumbaki: hiyo ni taarab. Chama cha Ikhwani Safaa kilianzishwa mwaka 1905, na vizazi vya wapigaji wake vimekaa nyuma ya ala hizo hizo. Jambo jipya New York lilikuwa saksafoni na drams kuketi katikati yao, na kila mpigaji kupewa nafasi ya kubuni papo hapo.

Sura hii inahusu ndoa hiyo: ala ya zaidi ya miaka elfu moja na muziki wa karne iliyopita. Naiandika nikiwa na wasomaji wa Kishapu akilini, ambako watu wengi hawajawahi kuushika udi lakini kila mtu ameshacheza muziki wa bendi iliyojiita jazz. Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Ala ya kale haiingii kwenye muziki mpya kwa kubadilishwa sura. Inaingia pale anapoishika mtu aliyeijua hadi ndani, anayeiheshimu mipaka yake na kuifanya mipaka hiyo kuwa sauti yake.

Ala yenyewe

Udi una tumbo kubwa la mviringo lililoundwa kwa vipande vyembamba vya mbao vilivyokunjwa kwa moto na kugundishwa ubavu kwa ubavu. Uso wake ni ubao mwembamba wenye tundu moja au matatu. Shingo ni fupi, na kichwa kimepinda kwa nyuma kikiwa na vigingi vya kukazia nyuzi. Udi wa kawaida una nyuzi 11: jozi tano, na uzi mmoja mnene ulio peke yake. Hupigwa kwa risha, ambayo zamani ilikuwa unyoya wa ndege na siku hizi ni pembe au plastiki.

Jambo kubwa kuliko yote liko shingoni. Shingo ya gitaa ina vyuma vinavyoigawa sauti nusu-toni kwa nusu-toni. Kidole kikibonyeza popote kati ya vyuma viwili, sauti inayotoka ni ile ile. Shingo ya udi ni tupu. Kidole kikisogea hata upana wa punje ya mtama, sauti inasogea nacho. Ndiyo maana udi unaweza kutoa robo-toni, zile sauti zinazokaa katikati ya vitufe viwili vya kinanda, ambazo ndizo roho ya maqamu, yaani ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu, kama rast na bayati. Ndiyo maana pia unamwadhibu mwanafunzi mvivu: hakuna chuma cha kumsahihishia kidole.

Mpiga gitaa wa Shinyanga mjini akiushika udi kwa mara ya kwanza, yapo mambo atakayoyatambua. Mpangilio mmoja unaotumika sana, kutoka uzi mnene kwenda mwembamba, ni do, fa, la, re, sol, do. Karibu kila uzi uko hatua ya nne kutoka kwa jirani yake, kama kwenye gitaa. Kwenye gitaa ni sehemu moja tu inayovunja utaratibu huo, kati ya sol na si. Kwenye udi pia ni sehemu moja, kati ya fa na la. Kwa hiyo mkono wa kushoto hauanzi ugenini kabisa. Mkono wa kulia ndio unaoanza shule upya, kwa sababu risha ya udi hushikwa ikilala ndani ya kiganja, kifundo cha mkono kikiwa kimelegea, na pigo la kushuka hubeba uzito ambao mpiga gitaa hajauzoea.

Ala hiyo hiyo ilivuka kwenda Ulaya kupitia Uhispania ya Waislamu. Kule walifunga nyuzi za utumbo wa mnyama kuzunguka shingo zikawa mipaka ya sauti, wakaanza kupiga sauti nyingi kwa pamoja, na kwa karne kadhaa ala hiyo ikawa malkia wa majumba ya wafalme kabla ya kusukumwa pembeni na piano na gitaa. Na huko pia haikufa. Mholanzi Jozef van Wissem amejenga kazi yake yote juu ya luti, kama ala hiyo inavyoitwa Ulaya, na muziki wake wa filamu ya Only Lovers Left Alive ya mwaka 2013 ulipata tuzo Cannes.

Kijana wa Brooklyn

Turudi kwa Abdul-Malik, maana ndani ya maisha yake mna somo. Alizaliwa Brooklyn mwaka 1927. Yeye mwenyewe aliwaambia watu kuwa asili yake ni Sudan. Nyaraka zinaonyesha wazazi wake walitoka visiwa vya Karibi. Alichokuwa nacho bila ubishi ni ujirani. Brooklyn ilikuwa na jamii ya Waarabu wenye maduka, harusi na wapigaji wao, naye akaenda kwao kujifunza. Hakuinunua ala kwa ajili ya picha ya jalada la sahani. Alikaa chini ya watu waliozaliwa nayo.

Wakati huo huo alikuwa mpiga besi wa daraja la juu. Mwaka 1957 na 1958 alipiga na mpiga piano Thelonious Monk, na onyesho la Monk na mpiga saksafoni John Coltrane katika ukumbi wa Carnegie Hall, Novemba 1957, lilikuwa na besi yake. Rekodi ya usiku ule ilikaa bila kujulikana ilipo hadi mwaka 2005, ilipokutwa katika Maktaba ya Bunge la Marekani. Ukiisikiliza utajua kwamba aliyepiga udi kwenye Jazz Sahara aliijua jazi pia kutoka ndani ya nyumba yake.

Rafiki yake wa Brooklyn alikuwa Randy Weston, mpiga piano, na kwa Weston hadithi hii inatugusa sisi moja kwa moja. Mwaka 1960, mwaka mmoja kabla ya uhuru wa Tanganyika, Weston alirekodi kazi kubwa iitwayo Uhuru Afrika. Mshairi Langston Hughes aliandika maneno ya kuifungua, na maneno hayo yakasomwa kwa Kiswahili na Mtanganyika, Tuntemeke Sanga. Serikali ya makaburu ya Afrika Kusini iliipiga marufuku. Kwa hiyo kabla bendera yetu haijapandishwa, lugha yetu ilikuwa imeshasikika kwenye jazi ya New York, na ndugu wa ala zetu za pwani alikuwa ameshapigwa humo humo.

Kwa nini udi na jazi vilielewana? Jazi ya miaka ya 1940 ilikuwa imejaa kodi, yaani sauti tatu au nne zinazopigwa pamoja, zikibadilika kwa kasi, na mpigaji akizikimbiza moja baada ya nyingine. Kwa udi hiyo ni kazi ngumu. Lakini mwishoni mwa miaka ya 1950 wanajazi wenyewe walianza kuchoka na mbio hizo. Wakaanza kukaa kwenye ngazi moja ya sauti kwa muda mrefu na kutafuta kina badala ya kasi. Albamu ya mpiga tarumbeta Miles Davis, Kind of Blue, ya mwaka 1959, ndiyo inayotajwa zaidi. Hicho ndicho mpiga udi amekuwa akikifanya siku zote. Katika taksimu, mpigaji peke yake huifungua maqamu polepole: huanza chini, huitambulisha sauti ya nyumbani, hupanda, hugusa jirani, kisha hurudi. Jazi ilikuwa imefika mlangoni kwa udi bila kujua.

Waliofuata walipanua njia hiyo. Rabih Abou-Khalil, mzaliwa wa Beirut aliyehamia Munich mwaka 1978, aliandika muziki mgumu wa vipimo visivyo vya kawaida kwa udi, tuba, saksafoni na dufu. Anouar Brahem wa Tunis, mwanafunzi wa Ali Sriti, alitoa albamu yake ya kwanza kwa kampuni ya ECM mwaka 1991, na mwaka 2017 akatoa Blue Maqams akiwa na Dave Holland kwenye besi, Jack DeJohnette kwenye drams na Django Bates kwenye piano. Dhafer Youssef, naye wa Tunisia, akaongeza sauti ya koo na vyombo vya umeme. Ukiwachunguza wote, kila mmoja alianza na shule ya kale kabla ya kutoka nje.

Reli, almasi na bendi

Sasa tuje bara. Reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928 ikipitia Shinyanga. Mwaka 1940 John Williamson aligundua almasi Mwadui, ambayo leo iko ndani ya wilaya ya Kishapu. Mwaka 1951 utangazaji wa redio ulianza Dar es Salaam. Mwaka 1955 vyama vya wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa viliungana kuwa shirikisho moja. Mambo hayo manne ukiyaweka pamoja unapata mazingira ya muziki mpya: njia ya kusafirishia bendi, mishahara, pesa za pamba, na sanduku linaloimba ukutani.

Bendi zenyewe hazikuwa mbali. Tabora, mji wa jirani kwenye reli hiyo hiyo, ulikuwa na Tabora Jazz, Nyanyembe Jazz na Kiko Kids ya Salum Zahoro. Morogoro kulikuwa na Morogoro Jazz na Cuban Marimba, ambayo Salum Abdallah aliianza mwaka 1948 kwa jina la La Paloma. Dar es Salaam kulikuwa na Western Jazz, Kilwa Jazz na nyingine nyingi. Walichopiga hakikuwa jazi ya Monk. Kilikuwa rumba na mitindo ya Kuba iliyofika kwa sahani za santuri, ikachanganywa na mapigo na masimulizi ya kwetu. Katika bendi za mwanzo ungekuta banjo, mandolini, fidla na ngoma pamoja na gitaa, yaani ukoo mzima wa ala za nyuzi ulikuwa jukwaani. Kisha umeme ukaja na gitaa likabaki peke yake.

Sababu za gitaa kushinda si za ajabu. Vyuma vya shingoni vinamwezesha anayeanza kupiga sauti sahihi tangu siku ya kwanza. Likiunganishwa na kipaza sauti linasikika uwanja mzima. Nyuzi zake zinapatikana dukani. Udi haukuwa na hata moja kati ya faida hizo, na ulikaa pwani, kwenye kumbi za taarab na majumba ya watu.

Hata pwani haukusalimika. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 taarab ya kisasa iliingia na vinanda vya umeme, gitaa la besi na mapigo ya mashine, na East African Melody wakawa miongoni mwa walioongoza njia. Kinanda kimoja kilichukua nafasi ya fidla tano, kanuni na udi. Muziki ulichezeka zaidi na gharama ikapungua, lakini robo-toni zilipotea, kwa sababu kinanda cha kawaida hakina mahali pa kuziweka. Mombasa, Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu, aliendelea kupiga udi kwa ufundi ulioheshimiwa pwani nzima hadi alipofariki mwaka 2016. Wazee wa aina yake ndio waliohifadhi uzi usikatike.

Uzi huo umeshikwa tena. Chuo cha muziki cha nchi za jahazi, kinachojulikana kwa kifupi DCMA, kilifunguliwa Unguja mwaka 2002, na kinafundisha udi, kanuni, fidla na ngoma. Kutoka katika mazingira hayo wametokea vijana wanaopiga bila kuomba radhi kwa upande wowote. Siti Amina anaimba na kupiga udi katika Siti and the Band, waliotoa albamu ya Fusing the Roots mwaka 2018, ambamo taarab inakutana na fanki, rege na jazi. TaraJazz, kundi jingine la Unguja, linachanganya taarab na jazi waziwazi. Hao wametoka kwenye mafunzo ya mkono kwa mkono, na ndiyo maana muziki wao hauna harufu ya kubahatisha.

Udi wa bara ni zeze

Msomaji wa Kishapu anaweza kusema: hayo ni ya pwani na ya Waarabu, sisi yanatuhusu nini? Jibu ni kwamba ukoo wa udi una tawi hapa hapa bara. Tawi hilo ni zeze. Kibuyu kilichokatwa na kuwambwa ngozi ndilo tumbo. Fimbo iliyopenya ndani yake ndiyo shingo. Nyuzi zimekazwa kutoka mwisho hadi mwisho. Tofauti ni kwamba badala ya risha hupigwa kwa upinde. Makabila mengi yana zeze kwa sura mbalimbali, lakini waliolipeleka mbali zaidi ni Wagogo wa Dodoma.

Hukwe Zawose, Mgogo aliyeitwa Dar es Salaam na Mwalimu Nyerere kisha akafanya makao Bagamoyo, alikuwa na zeze la nyuzi nyingi kuliko lile la kawaida, na sauti ya koo iliyoweza kushuka kisimani na kupanda mawinguni ndani ya wimbo mmoja. Mwaka 1996 kampuni ya Real World ya Peter Gabriel ilitoa albamu yake Chibite. Baadaye alirekodi Assembly na Michael Brook, mpiga gitaa na fundi wa studio kutoka Kanada, ambamo zeze na malimba vinatembea pamoja na gitaa la umeme na mashine. Zawose alifariki Desemba 2003. Mwanawe Msafiri alitoa Uhamiaji mwaka 2017, zeze likiwa ndani ya muziki wa kompyuta. Mwaka 2024 Pendo na Leah Zawose, wa kundi la Zawose Queens, walitoa Maisha, nao ni wanawake kutoka katika familia ambayo zamani wanawake waliimba nyuma.

Kuna jambo la kisayansi katika muziki wa Kigogo ambalo kila mpigaji wa jazi angelipenda. Wagogo huzipanga sauti zao kwa kufuata zile zinazozaliwa ndani ya uzi wenyewe. Unaweza kuzisikia nyumbani. Chukua gitaa, gusa uzi mnene wa mi kwa wepesi bila kuubonyeza, juu kabisa ya chuma cha 12, kisha upige: unasikia mi ya juu, kwa sababu umeugawa uzi mara mbili. Gusa juu ya chuma cha saba: umeugawa mara tatu, unasikia si. Sasa sogeza kidole kati ya chuma cha pili na cha tatu, karibu zaidi na cha tatu, na utafute taratibu hadi sauti nyembamba ya kengele itoke. Hapo umeugawa uzi mara saba. Sauti hiyo ni re, lakini si re ya kinanda. Iko chini yake kwa karibu theluthi moja ya nusu-toni.

Kinanda kitasema sauti hiyo ni mbovu. Mwimbaji wa Kigogo atasema ndiyo sahihi. Na iko jirani sana na ile sauti iliyolegea ambayo wapigaji wa bluuzi wa Marekani wamekuwa wakiitafuta kwa kuvuta nyuzi za gitaa kwa kidole. Anayepiga zeze au udi hahitaji kuvuta chochote. Shingo yake haina vyuma, na sauti hiyo ipo pale ikimsubiri. Mtu akikuambia ala hizi ni duni kwa muziki wa kisasa kwa sababu haziendani na kinanda, mjibu kwamba kwenye bluuzi na jazi kinanda ndicho kinachokosa.

Vikwazo vitatu na namna ya kuvipita

Nisiwadanganye wasomaji kwamba kazi ni rahisi. Vipo vikwazo vitatu ambavyo kila anayepiga muziki wa kisasa kwa udi hukutana navyo.

Cha kwanza ni kodi. Nyuzi za udi ziko jozi jozi, na ukipiga nyingi kwa pamoja sauti inavurugika. Ufumbuzi ni kuacha tamaa ya kupiga kodi nzima. Katika jazi, sauti mbili tu, ya tatu na ya saba, zinatosha kumwambia msikilizaji kodi ni ipi, huku besi ikishika ya kwanza. Njia nyingine ni kuupiga uzi mnene wa chini kila baada ya mapigo kadhaa, uwe kama ardhi, huku wimbo ukitembea juu yake. Hapo mtu mmoja anasikika kama wawili.

Cha pili ni udogo wa sauti. Uzi wa udi ukipigwa huzimika haraka, na drams za bendi huumeza. Wenye uzoefu hupiga noti moja mara nyingi mfululizo kwa risha inayotetema, ili sauti isife. Jukwaani, tumbo kubwa la udi hunasa sauti ya spika na kuanza kulia lenyewe. Fundi mitambo mzuri huweka kipaza sauti karibu na tundu, husogeza spika mbali, na kupunguza sauti za chini. Wapo pia wanaotumia udi wa umeme wenye tumbo jembamba, kama ule wa kampuni ya Godin ya Kanada. Dawa bora kuliko zote ni mpiga drams anayejua kupiga kwa fagio na kunyamaza.

Cha tatu ni ugomvi wa robo-toni na kinanda. Hapa maarifa ya maqamu yanasaidia. Nahawandi na kurdi hazina robo-toni, kwa hiyo zinakaa vizuri na piano. Rast na bayati zinazo, na ukiziweka juu ya kodi za piano zitasikika kama kosa. Basi mpangaji wa muziki achague: wimbo wa rast apewe besi, ngoma na saksafoni, piano ikae kimya; wimbo wa nahawandi ualike piano. Wapigaji wakubwa hawakushinda ugomvi huu kwa nguvu. Walijua nani akae na nani.

Kwa Kishapu kuna kikwazo cha nne ambacho vitabu vya pwani havikitaji: ukavu. Udi uliotengenezwa au kutunzwa Unguja umezoea hewa yenye unyevu wa bahari. Ukiuleta Mhunze, huku Kishapu, mwezi Julai, wakati mvua imeshakatika na vumbi limetawala, mbao hunywea, gundi huachia, na uso unaweza kupasuka. Uhifadhi ndani ya sanduku lililofungwa, uweke humo kitambaa chenye unyevu kidogo ndani ya kopo lililotobolewa, legeza nyuzi usipopiga kwa muda mrefu, na usiuache kamwe ndani ya gari juani.

Kishapu ina nini cha kutoa

Nimeeleza mengi tunayoweza kupokea. Sasa niseme tulichonacho, maana muziki hautajengwa kwa kupokea tu.

Baada ya mavuno, kuanzia Juni hadi Agosti, Wasukuma hushindana kwa ngoma. Vyama viwili vikubwa, Bagika na Bagalu, vimegawana jamii hii tangu karne ya 19. Makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, na mshindi ni yule anayewavuta watu wengi upande wake. Katikati ya kila kundi yupo ningi, manju anayetunga. Ningi huja na nyimbo alizozitayarisha, lakini upepo ukibadilika na umati ukianza kuhamia ng'ambo, lazima abuni papo hapo: neno jipya, jibu kwa mpinzani, kituko, pigo lisilotarajiwa. Anayefanya hivyo kwa saa kadhaa juani ana shule ya ubunifu wa papo hapo ambayo mwanafunzi wa jazi wa Boston au Paris hulipia ada kubwa. Wanajazi wa New York nao walishindana hivyo hivyo, mpigaji kwa mpigaji, hadi alfajiri.

Siku hizi ningi wengi wamehamia studio. Kuanzia Kahama hadi Katoro, kwenye harusi na kwenye simu za wachimbaji wa dhahabu, nyimbo za Kisukuma zinapigwa juu ya kinanda na mapigo ya kompyuta. Sina ugomvi nazo. Zina wasikilizaji wengi na zinawalisha vijana. Lakini zikisikilizwa kumi mfululizo, ala ni zile zile na sauti ni zile zile, kwa sababu zote zimetoka ndani ya mashine ya aina moja. Anayetaka kusikika tofauti hahitaji mashine mpya zaidi. Anahitaji ala ambayo wenzake hawana na mkono uliofundishwa.

Hata mali ghafi ipo. Misitu ya miombo ya magharibi mwetu ina mninga, mbao ambayo watengenezaji wa magitaa wa nje wanaitafuta kwa wepesi wake na kwa kutopinda. Vibuyu tunalima. Ngozi za mbuzi tunazo. Fundi seremala wa Mhunze anayetengeneza kabati zuri ana mikono ya kutengeneza udi au zeze, akipata wa kumwonyesha vipimo. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Kwa hiyo naomba mambo matatu, na nayaomba kwa watu wanaoweza kuyafanya. Kijana mpiga gitaa wa Kishapu: tafuta zeze au udi, tafuta mwalimu Bagamoyo kwenye taasisi ya sanaa, TaSUBa, au Unguja kwenye DCMA, na kaa naye hadi vidole vyako vijue bila kuangalia. Usianze kuchanganya kabla hujajua unachokichanganya. Mwalimu wa shule: ngoma na kwaya tayari ziko kwenye mashindano ya wanafunzi, ongeza ala moja ya nyuzi, hata ya kibuyu, na mpe nafasi mtoto anayependa kukaa nayo peke yake. Mzazi na kiongozi wa wilaya: gharama ya ala moja nzuri ni ndogo kuliko gharama ya sherehe moja ya kukodi mitambo, na ala hubaki baada ya sherehe kwisha.

Abdul-Malik alijifunza udi kwa majirani zake wa Brooklyn, akaupeleka kwenye jazi, na kazi yake bado inasikilizwa zaidi ya miaka sitini baadaye. Sisi tuna ningi, tuna zeze, tuna mninga, na pwani tuna walimu wa udi wanaofundisha kwa Kiswahili. Kinachohitajika sasa ni mtu mmoja wa Kishapu akubali kujifunza ala moja hadi mwisho.